Ukuta mwembamba kati ya kinywa na pua: upasuaji wa siri wa Rais Cleveland, 1893

Grover Cleveland aliapishwa kuwa rais wa Marekani kwa mara ya pili tarehe 4 Machi 1893. Mwanzoni mwa Mei ulimi wake uligusa mahali penye mkwaruzo kwenye kaakaa, upande wa kushoto, usawa wa magego. Alikuwa na umri wa miaka 56, mtu mnene mwenye shingo fupi, mpenzi wa sigara kubwa na tumbaku ya kutafuna. Benki zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine na kazi ilikuwa imemzonga, basi mkwaruzo ule akauacha. Tarehe 18 Juni daktari wa Ikulu, Robert O'Reilly, alimchungulia kinywani akakuta kidonda chenye ukubwa wa sarafu ya robo dola, yaani kama sentimita mbili na nusu kwa upana. Kilianzia kwenye magego kikaelekea katikati ya kaakaa, kikabakiza chini ya sentimita moja kufika mstari wa kati. Kwa nyuma kilikuwa kimeanza kugusa kaakaa laini, na mfupa uliokuwa chini yake ulikuwa umeshaharibika.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama kisa cha siasa, kwa ajili ya siri iliyokizunguka. Siri hiyo nitaifikia, ila kinachonivuta ni umbile la kinywa lenyewe. Kuanzia jinsi ugonjwa ulivyogunduliwa, njia waliyopita wapasuaji, mfupa waliouchukua na waliouacha, hadi rais alivyopoteza sauti na kuirudishiwa, kila hatua iliamuliwa na jinsi kaakaa lilivyojengwa na vilivyo jirani yake. Sijui kisa kingine kinachofundisha sehemu hiyo ya mwili vizuri kama hiki.

Tuanze na mahali penyewe, maana kila msomaji anapo pake pa kupapasa. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya juu, kisha uirudishe nyuma polepole. Kwanza utakuta mikunjo migumu inayokwenda kulia na kushoto. Mikunjo hiyo husaidia chakula kisiteleze ulimi unapokikandamiza. Katikati kuna mstari mwembamba unaoelekea nyuma. Hapo ndipo pande mbili za kaakaa zilipokutana na kuungana mtoto akiwa bado tumboni, kabla ya wiki ya 12 ya mimba. Endelea kurudi nyuma, mikunjo itakwisha na pataanza pahali laini, bado pagumu kwa chini. Halafu ghafla mfupa unakoma na ulimi unabonyea. Hapo umefika kaakaa laini, ambalo ni misuli na utando tu, na mwisho wake kinaning'inia kimeo.

Utando wa kaakaa gumu umeng'ang'ania mfupa kabisa. Hauvutiki kama wa shavu wala hausogei kama wa chini ya ulimi. Ndiyo sababu uji wa moto ukikuunguza hapo ngozi hubanduka kipande kizima, na ndiyo sababu sindano ya ganzi ya daktari wa meno huuma sana mahali hapo: dawa haina nafasi ya kutanuka. Ni hivyo hivyo kwa ugonjwa. Uvimbe ulioota kwenye shavu unaweza kukua muda mrefu ndani ya nyama. Ulioota kwenye kaakaa gumu hauna safari ndefu kabla ya kugusa mfupa. Katika kinywa cha Cleveland ulikuwa umeshaugusa.

Na juu ya mfupa huo kuna nini? Kaakaa ni dari ya kinywa, lakini kwa aliye ghorofa ya juu ni sakafu. Ukitoboa karibu na mstari wa kati unatokea puani. Ukitoboa pembeni, usawa wa magego, unatokea kwenye sainasi ya taya la juu, uwazi mkubwa uliofichika nyuma ya shavu, chini ya jicho. Mizizi ya magego ya juu hukaribia sana sakafu ya uwazi huo, kwa watu wengi ikitenganishwa nao na mfupa mwembamba mno, ndiyo maana mtu mwenye mafua yaliyoingia kwenye sainasi huja analalamika kwamba meno ya juu yanamuuma wakati hayana tatizo lolote. Na dari ya sainasi ndiyo sakafu ya tundu la jicho.

Kwa hiyo kidonda cha Cleveland kilikuwa pabaya kwa namna mbili. Chini yake palikuwa na mfupa uliokwisha kuliwa, na juu ya mfupa huo palikuwa na chumba kitupu ambamo uvimbe unaweza kujaa bila kumuuma mtu wala kuonekana usoni. Kuangalia kidonda kupitia kinywani kulionyesha ukingo wa chini tu. Hakuna daktari wa mwaka 1893 aliyeweza kujua umefika wapi kwa juu mpaka aufungue. Eksirei zenyewe zilikuwa hazijagunduliwa. Röntgen alizitangaza mwaka 1895.

Kipande kidogo cha kidonda kilichukuliwa kikapelekwa kupimwa bila kutaja mwenye nacho ni nani. Majibu yaliashiria saratani. Joseph Bryant, daktari mpasuaji wa New York aliyekuwa rafiki wa familia, alimwambia rais kwamba kama kingekuwa kinywani mwake yeye angekitoa mara moja.

Sasa siri. Mwaka 1885 Wamarekani walikuwa wamemfuatilia Ulysses Grant, rais wao wa zamani, akifa polepole kwa saratani ya koo, magazeti yakitoa habari zake siku hadi siku. Neno saratani lilitisha kuliko leo. Cleveland alikuwa ameitisha kikao maalumu cha Bunge kianze tarehe 7 Agosti ili kufuta sheria ya mwaka 1890 iliyoilazimu serikali kununua fedha, madini yenyewe, ambayo aliamini ndiyo inayokausha akiba ya dhahabu. Makamu wake, Adlai Stevenson, alijulikana kuegemea upande wa watetezi wa fedha. Habari kwamba rais ana saratani zingeweza kuliporomosha soko zaidi. Ikaamuliwa apasuliwe baharini, kwenye yati iitwayo Oneida, mali ya rafiki yake Elias Benedict, umma ukiambiwa kwamba rais amekwenda kupumzika.

Sharti la siri ndilo lililogeuka kuwa sharti la kianatomia. Kwa kawaida ya zama zile, mpasuaji aliyetaka kutoa taya la juu alipasua uso: chale inashuka pembeni mwa pua, inapita katikati ya mdomo wa juu, kisha shavu linafunuliwa kando. Njia hiyo humpa mpasuaji nafasi na mwanga, lakini humwachia mgonjwa kovu ambalo kila mtu atalisoma. Rais asingeweza kutokea mbele ya Bunge na kovu hilo, wala hata masharubu yake makubwa yasingeweza kunyolewa bila kuzua maswali. Ilibidi kila kitu kipite kinywani.

Fikiria maana yake. Mlango wenyewe ni upana wa kinywa kilichofunguka, na mtu amelala usingizi wa dawa. Shavu lina msuli wake unaolikaza kuelekea kwenye meno. Ulimi uko chini, koo liko nyuma, na njia ya hewa inapita palepale damu inapotiririkia. Kumtia mgonjwa mrija kooni ili apumue salama hakukuwa jambo la kawaida wakati ule. Mshipa mkubwa wa damu wa kaakaa hutokea kwenye kitundu kilicho ndani kidogo ya gego la mwisho, ukaelekea mbele chini ya utando, na mgonjwa huyu kidonda chake kilikuwa hapo hapo. Ni tawi la mishipa inayotoka kwenye ateri kubwa ya shingo, kwa hiyo ukikatika hauvuji kwa matone. William Keen, mpasuaji bingwa kutoka Philadelphia aliyealikwa kusaidia, alikuja na kifaa kimoja ambacho naona ndicho kilichouokoa mpango mzima: chuma cha kuvuta shavu, alichokinunua Paris mwaka 1866. Kwa chuma hicho shavu liliweza kuvutwa kando na nyuma kiasi cha kuliona taya bila kukata ngozi.

Tarehe 1 Julai 1893, yati ikiwa inatembea katika mlangobahari wa Long Island, Cleveland aliketi kwenye kiti kilichofungwa kwenye mlingoti ndani ya ukumbi wa chombo. Kinywa chake kilikuwa kimesafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Daktari wa meno Ferdinand Hasbrouck alimpa gesi ya naitrasi oksaidi akang'oa magego mawili madogo ya juu kushoto, ili kupata mahali pa kupitisha chombo cha kukatia mfupa. Bryant akaanza chale. Gesi ilipoonekana haitoshi, O'Reilly akaendelea na etha. Kila mtu mle ndani alikuwa anaogopa etha, maana mwili mnene na shingo fupi ni dalili mbaya kwa mtu anayepewa dawa ya usingizi, kama ilivyo hata leo.

Mfupa ulipofunguka, sainasi ilionekana. Ndani yake kulikuwa na uvimbe laini kama utelezi uliojaza sehemu ya chumba. Basi wakaondoa sehemu kubwa ya taya la juu upande wa kushoto, kuanzia magego madogo mpaka nyuma ya gego la mwisho, karibu kufika mstari wa kati, pamoja na kipande kidogo cha kaakaa laini. Walichokiacha ni cha kukitazama kwa makini kama walichokitoa: bamba la juu la mfupa, lile linalobeba jicho. Lingeondoka, jicho la kushoto lingeshuka, rais angeanza kuona vitu viwiliviwili, na siri ingekwishia hapo. Uvimbe ulikuwa haujafika huko, na wao hawakukata zaidi ya ulipofika. Damu ilizuiwa kwa kubana, kwa maji ya moto na kwa kuchoma mahali pamoja kwa umeme. Shimo likashindiliwa shashi. Kazi nzima haikufika saa moja na nusu.

Siku ya tatu rais alikuwa anatembea. Tarehe 5 Julai alishuka kwenda nyumbani kwake Gray Gables, ufukweni mwa Buzzards Bay huko Massachusetts, na waandishi wa habari wakaelezwa kwamba anasumbuliwa na baridi yabisi na jino. Usoni hapakuwa na alama yoyote. Tarehe 17 Julai walimrudisha kwenye Oneida wakakata tishu nyingine kidogo iliyowatia shaka kwenye kingo za shimo. Hilo nalihesabu kuwa uamuzi wa wapasuaji wenye nidhamu. Ni rahisi sana, mgonjwa akiwa mkubwa hivyo na siri ikiwa nzito hivyo, kujidanganya kwamba ulichokiona si kitu.

Jeraha lilikuwa linapona vizuri. Sauti ndiyo haikuwepo. Keen aliandika baadaye kwamba shimo likiwa wazi maneno ya rais hayakueleweka hata kidogo, yalifanana na ya mtu mwenye mpasuko mbaya kabisa wa kaakaa. Koromeo lake halikuguswa. Ulimi ulikuwa mzima, midomo mizima. Watu wengi wangedhani hivyo vinatosha.

Jaribu hivi. Ziba pua kwa vidole useme "baba". Utasema bila shida. Sasa, pua ikiwa bado imezibwa, sema "mama". Sauti inakwama, inakuja inafanana na "baba". Ukisema m, n, ny au ng', kaakaa laini linashuka na hewa inapita puani. Ukisema b, p, t, d, k, g, s au ch, kaakaa laini linapanda na kuziba njia ya pua kwa nyuma, hewa inabanwa kinywani mpaka ipate nguvu, halafu inaachiliwa. Sauti hizo zote zinadai chumba kisichovuja. Cleveland alikuwa na chumba chenye tundu darini. Alipofunga midomo kutengeneza b, hewa ilipanda kwenye shimo, ikapita katika uwazi wa sainasi, ikatokea puani kabla haijabanwa. Kaakaa laini lilifanya kazi yake kwa nyuma, lakini kuvuja kulikuwa mbele yake. Alichobaki nacho ni irabu zinazotokea puani, na konsonanti zisizo na makali. Maji na supu navyo hufuata njia hiyo hiyo mtu akimeza.

Njia ya kumrudishia sauti ilikuwa kuziba tundu. Shimo likishindiliwa pamba au shashi, alizungumza vizuri. Lakini mtu hawezi kuishi na shashi kinywani. Daktari wa meno wa New York, Kasson Gibson, alichukua umbo la shimo na kumtengenezea kizibo cha mpira mgumu, kikikaa kwenye kaakaa kama meno ya bandia huku sehemu ya juu ikiingia kwenye uwazi. Kilijaza shimo, kikalishikilia shavu lisibonyee kwa ndani, kikarudisha dari. Tarehe 5 Septemba Cleveland alisimama Washington kufungua mkutano wa madaktari wa mabara ya Amerika, akahutubia ukumbi uliojaa watu wa fani hiyo hiyo, na sauti yake ikasikika safi. Mtu aliyestahili sifa kubwa siku ile ni fundi wa kizibo.

Wiki moja kabla ya hapo siri ilikuwa imevuja. Hasbrouck alichelewa kazi nyingine kwa sababu ya yati na akalazimika kumweleza mwenzake alikokuwa. Habari zikamfikia mwandishi E. J. Edwards, naye akathibitisha kwa Hasbrouck mwenyewe kisha akaandika katika Philadelphia Press tarehe 29 Agosti, siku moja baada ya Baraza la Wawakilishi kupiga kura ya kuifuta sheria ile. Aliandika karibu kila kitu sawasawa. Watu wa rais wakakanusha, magazeti mengine yakamwita mwongo, na jina lake likabaki limechafuka kwa zaidi ya miaka 20. Ushahidi dhidi yake ulikuwa nini? Kwamba rais anazungumza vizuri na uso wake hauna kovu. Chuma cha shavu na kizibo cha mpira vilifanya kazi kwa ustadi mkubwa hata vikatumika kumwonea mtu aliyesema kweli. Kuficha ugonjwa naweza kukuelewa, hali ya nchi ilivyokuwa. Kumwacha Edwards abebe uongo wa wengine baada ya hatari kupita, hapana. Keen ndiye aliyelimaliza jambo hilo mwaka 1917, miaka tisa baada ya kifo cha Cleveland, alipochapisha simulizi kamili katika Saturday Evening Post na kukiri kwamba Edwards alikuwa sahihi.

Uvimbe wenyewe haukutupwa. Upo kwenye chupa katika Makumbusho ya Mütter, Philadelphia. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana: wapo waliosema sarkoma, yaani saratani ya tishu kama mfupa na misuli, wapo waliosema saratani ya kawaida ya utando, wapo waliodai haikuwa saratani kabisa na kwamba rais alikatwa taya bure. Katika miaka ya 1970 tishu ilipimwa upya, na matokeo yakachapishwa mwaka 1980: ni aina ya saratani inayoitwa verukosi, inayoota kama chunjua pana, mara nyingi kwa watumiaji wa tumbaku. Aina hii ilielezwa rasmi mwaka 1948, kwa hiyo hapakuwa na namna ya Bryant na wenzake kuipa jina hilo. Hukua polepole na ni nadra kusambaa mbali, lakini inaposimama hula kilicho karibu, mfupa ukiwemo. Tiba yake hata leo ni kuikata yote. Wanaosema upasuaji ulikuwa wa kupita kiasi wanasahau kilichokutwa ndani ya sainasi. Cleveland aliishi miaka 15 zaidi akafa mwaka 1908, na saratani haikurudi.

Mgonjwa akija leo na hali kama ile, jina la ugonjwa na vifaa vimebadilika lakini ramani ni ileile. Picha ya sitiskani itaonyesha mapema kama sakafu ya sainasi imetobolewa na kama bamba la jicho liko salama. Kizibo sasa hutengenezwa kwa akriliki, na mara nyingi mtengenezaji humwona mgonjwa kabla ya upasuaji, achukue umbo la kaakaa likiwa bado zima, ili kizibo cha muda kiwekwe mezani palepale na mtu aamke akiwa anaweza kusema na kumeza. Wakati mwingine shimo hujazwa nyama na mfupa kutoka sehemu nyingine ya mwili.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayomhusu mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka. Pande mbili hazikukutana kwenye ule mstari wa kati, kwa hiyo hawezi kunyonya kwa nguvu kwa kuwa hewa inaingia kutoka puani, na maziwa humtokea puani. Kaakaa hufungwa kwa kawaida akiwa kati ya miezi 9 na 18, muda ambao unachaguliwa kwa sababu moja hasa: awe na chumba kisichovuja kabla hajaanza kusema kwa wingi. Mama anayeambiwa asubiri mpaka mtoto awe mkubwa anapotezewa muda ambao haurudi.

Na lipo la kuangalia kwenye kioo. Kwetu pwani na mijini, ugoro, kuberi na tambuu yenye popoo huwekwa kinywani saa nyingi kila siku, na utando unaoguswa ni huo huo. Kinywa ni rahisi kukichunguza: mwanga wa simu, kichwa kirudishwe nyuma, ulimi unyanyuliwe, mashavu yavutwe kwa kidole. Kidonda, baka jeupe au jekundu, au mkwaruzo usiopona ndani ya wiki mbili au tatu unataka kuonwa na daktari wa meno, hata kama hauumi. Cha Cleveland hakikuwa kinamuuma kiasi cha kumsimamisha kazi, na daktari alipokitazama tarehe 18 Juni alikuta mfupa umeshaharibika.